Taarab, bango au bendi za Mtwapa? Wageni waja Ijumaa

Mtoto_wa_Tudor: Jamani, nina wageni wawili waja hapa Mombasa kutoka Nairobi. Wataka muziki wa pwani wenyewe, si ule wa kuimbiwa watalii hotelini. Taarab Mji wa Kale, bango, ule muziki wa saksafoni, au bendi za vilabu vya usiku Mtwapa? Nishike lipi?

Bi_Kibokoni: Umri wao? Watalala wapi? Una gari? Wataka tukupigie ramli?

Saksafoni: Bango, basi! Mzee Ngala, baba wa bango, ni mtu wa Frere Town. Ukiwa huko wapitishe Kengeleni waione ile kengele iliyowaonya watumwa walioachwa huru.

Bi_Kibokoni: Mimi taarab ya kulipia mlangoni siiamini tena. Mwaka juzi nilimpeleka shangazi yangu mahali, sipataji, tangazo lasema taarab asilia. Buibui zimepigwa pasi, asumini kichwani. Tumeketi saa tatu hadi saa tano twasikiliza spika zikipimwa, moja mbili, moja mbili. Kuja kutokea, kijana mmoja na kibodi! Udi hakuna, fidla hakuna, dumbak imo ndani ya flashi. Shangazi akaitoa noti ya kutunza, akaitazama, akairudisha kwenye pochi. Mpaka leo ananidai nauli ya tuktuk.

Mwana_Likoni: Tangu mwimbaji wetu wa taarab Juma Bhalo afariki 2014, nani wa kumwendea?

Udi_Mkavu: Na Zein l'Abdin je? Tulikuwa naye hadi 2016. Bhalo sauti, sawa, lakini vidole vya Zein kwenye udi!

Mwana_Likoni: Zein ni wa Lamu.

Udi_Mkavu: Kazaliwa Lamu, kaishi Mombasa. Kwani wewe babako si wa Vanga?

Bi_Kibokoni: Na Zuhura Swaleh, na Malika? Wanaume mkianza kuhesabu, wanawake hamuwaoni.

Mtoto_wa_Tudor: Samahani, nilisahau. Ni mama mkwe na dadake, miaka sabini na kitu. Saa tatu usiku washalala.

Saksafoni: Mama mkwe! Na ulitaka kumpeleka Mtwapa?

Mwana_Likoni: Wapeleke Fort Jesus mchana, jioni ufukweni Mama Ngina, wale mihogo ya kukaanga. Yaishe.

Udi_Mkavu: Huo ni muziki?

Bi_Kibokoni: Jumamosi kuna kupamba, sherehe ya bibi harusi, kwa jirani yangu, taarab yapigwa mapema. Nitawaombea mwaliko. Lakini ni wanawake watupu, wewe utangoja nje garini.

Mtoto_wa_Tudor: Gari gani, Bi?