Halmashauri na watengenezaji wa fanicha: tuanzie wapi kupunguza taka?

diwani_mazingira:
Habari zenu wakuu. Niko kamati ya mazingira ya halmashauri yetu na jambo hili linaninyima usingizi. Watu wakihama, makochi, magodoro na makabati ya chipubodi yanabaki kando ya barabara. Lori la kushindilia linapita, linasaga kila kitu, linakwenda kumwaga jaani. Watengenezaji wamekubali kukaa nasi, ila kikao cha kwanza kiliishia kwenye ahadi ya kupanda miti. Miti ni kheri, lakini haizuii kochi kufika jaani. Niwaombe nini hasa? Na sisi wenyewe tubadilishe nini?

fundi_makochi:
Mheshimiwa, asante kwa kuuliza kabla ya kupitisha sheria ndogo. Kazi yangu ni kuvua makochi na kuyavalisha upya, kwa hiyo naanza na mvua. Kochi likilala nje usiku mmoja wa mvua, sponji linafyonza maji, ukungu unaingia. Chipubodi ndiyo mbaya zaidi: inavimba, na ikishavimba haishiki skrubu tena. Hapo hakuna fundi wa kuirudisha. Basi kabla ya mikataba, wekeni lori lililofunikwa, lisiloshindilia, linalokuja kwa miadi na kuchukua vitu kutoka ndani ya nyumba. Kisha banda lenye paa. Watengenezaji wagharimie fundi wa kuchambua pale: hiki kinauzika, hiki kikarabatiwe, hiki kivunjwe.

La pili ni utengenezaji wenyewe. Fremu iliyofungwa kwa bolti naifungua kwa spana, nabadilisha mguu mmoja, kazi imekwisha. Iliyojaa gundi na pini za stepla haifunguki, inapasuka, nabaki na kuni. Waombeni wauze miguu, bawaba na reli za droo peke yake. Na waandike chini ya kochi kilichomo ndani! Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu sponji nyingi za zamani zilitiwa kemikali za kuzuia moto, na vumbi lake navuta mimi. Mojawapo, decaBDE, iliingizwa mwaka 2017 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuondoa kemikali sumu zisizooza. Uingereza, tangu 2023, viti vya sponji vya majumbani vyenye kemikali za aina hiyo vikitupwa haviruhusiwi kufukiwa jaani.

afisa_manunuzi:
Fundi kamaliza, mimi naongeza moja. Halmashauri nayo ni mteja mkubwa: madawati, meza za ofisi, viti vya ukumbi. Andikeni kwenye zabuni kwamba kiti kifunguke, vipuri vipatikane kwa miaka mingi, na muuzaji achukue vya zamani anapoleta vipya. Hapo hamuombi hisani ya mtu.

mchambuzi_taka:
Tusisahau nani analipa. Ufaransa, tangu 2013, fanicha mpya inauzwa pamoja na mchango mdogo ambao mnunuzi anauona kwenye bei. Fedha zinakwenda kwa taasisi waliyoiunda watengenezaji na wauzaji wenyewe, Éco-mobilier, ambayo siku hizi inaitwa Ecomaison, nayo inashirikiana na serikali za mitaa kukusanya na kuchakata. Kule Marekani, jimbo la Connecticut lilipitisha sheria kama hiyo ya magodoro mwaka huohuo wa 2013. Magodoro yanastahili mpango wake, kwa maana hayashindiliki na springi zinanasa kwenye mitambo ya jaani, ilhali yakivuliwa, chuma na sponji vina wanunuzi.

Tahadhari yangu: mchango ukiwa sawa kwa wote, mwenye kutumia gundi hana sababu ya kubadilika. Anayetengeneza kitu kinachofunguka alipe kidogo kuliko mwenzake.

diwani_mazingira:
Nashukuru sana, hii ya zabuni naipeleka kikao kijacho. Na taka za karakanani, yale maranda?

fundi_makochi:
Yatenganishwe palepale kwenye mashine, Mheshimiwa. Maranda ya mbao tupu ni mali, wafugaji wanayataka ya kutandika mabandani. Unga wa MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa, una gundi yenye kemikali ya sumu, formaldehaidi, usiwafikie mifugo wala jiko la mtu. Mbao zilizotiwa dawa ya shaba, kromu na aseniki zisichomwe kabisa, majivu yake ni sumu. Wapeni wenye karakana magunia ya rangi tofauti, ila hakikisheni na gari linabeba tofauti. Mafundi wakishaona magunia yao yanamwagwa pamoja, hawatachambua tena, na sitawalaumu.