Yaris bado iko mtaani, Corolla naichukua Jumamosi: bima na kodi nifanyeje?

Mama Salha, Leicester

Assalam aleikum ndugu zangu. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao, kwa siku napita nyumba sita au saba, kwa hiyo bila gari sina kazi. Yaris yangu ya 2009 klachi imeanza kuteleza. Nimelipia Corolla ya 2020, wameniambia nikaichukue Jumamosi tarehe 27 Septemba. Yaris nayo imepata mtu, habari ya klachi anaijua, ila atakuja Ijumaa tarehe 3 Oktoba akishapata mshahara.

Sina uwanja wa kuegesha, zote mbili zitalala mtaani. Nilikusudia Jumamosi niihamishie Corolla bima pamoja na bonasi yangu ya miaka saba bila kudai fidia, Yaris isimame tu hadi Ijumaa. Mume wangu, aliyekuja mwaka jana, anasema gari likisimama halidaiwi, maana kwetu Tanzania rodi laisensi ilifutwa 2017 ikaingizwa kwenye mafuta. Ni kweli hapa Uingereza pia? Na kodi niliyokwisha kuilipia Yaris, inakwenda kwa mnunuzi?

Abuu wa Coventry

Waalaikum salaam dada. Hapana, shemeji kachanganya nchi mbili. Uingereza gari linadaiwa bima hata kama halitembei, isipokuwa kama umewatangazia DVLA, ofisi ya serikali ya usajili wa magari, kwamba liko nje ya barabara; tangazo hilo ndilo linaloitwa SORN. Na gari la SORN haliruhusiwi kukaa barabara ya umma hata usiku mmoja. Wewe huna uwanja, kwa hiyo mlango huo umefungwa. Ukiiacha Yaris bila bima watakuletea barua, kisha faini ya paundi 100, na ikifika mahakamani inaweza kufika 1,000.

Piga simu kwa bima yako leo. Waambie wahamishie Corolla bima ya mwaka pamoja na bonasi, maana bonasi haikai kwenye magari mawili kwa wakati mmoja. Kisha uliza kama wanaweza kuiacha Yaris siku chache juu ya bima hiyo hiyo. Wapo wanaokubali. Wakikataa, Yaris ikatie bima ya muda ya siku hizo tu.

Mzee wa Milton Keynes

Mwanangu, kodi haimfuati mnunuzi. Tangu 1 Oktoba 2014, karatasi ya kubandika kiooni ilipoondolewa, gari likiuzwa kodi yake inakufa hapo hapo. Wewe unarudishiwa miezi kamili iliyobaki, naye anaanza kulipa yake kabla hajaondoka mlangoni kwako.

Angalia hilo neno, miezi kamili. Corolla ukiichukua tarehe 27 utalipa Septemba nzima kwa siku nne. Kwa kiwango cha mwaka wa 2025 kodi yake ni paundi 195 kwa mwaka, basi hapo umetupa zaidi ya paundi 16. Waombe uichukue Jumatano tarehe 1. Na Yaris ikiuzwa tarehe 3, Oktoba yote umeipoteza. Mnunuzi akiweza kuja Jumanne tarehe 30, na ukawaarifu DVLA siku hiyo hiyo, Oktoba utarudishiwa.

Akishakulipa, ingia mtandaoni uwaarifu DVLA kwa ile namba ya tarakimu 11 ya kwenye kadi ya gari. Umpe kipande cha kijani tu cha kadi hiyo, kile cha mmiliki mpya. Kadi nzima usimpe.

Bi Mkubwa, Slough

Wamekujibu vizuri, lakini umesema unapita nyumba sita kwa siku. Mwanangu, bima yako imeandikwaje? Ya kwenda kazini na kurudi ni ya sehemu moja ya kazi. Kupita kwa wagonjwa kunahitaji bima ya shughuli za kazi. Niliwahi kufanya kazi kama yako miaka mitatu bila kujua hilo, na hadi leo nikikumbuka moyo unanienda mbio.

Jingine. Usiitegemee ile sentensi ya kwenye bima inayoruhusu kuendesha magari mengine. Mara nyingi hailihusu gari lililo lako mwenyewe. Mpwa wangu aliitegemea, akasimamishwa njiani: faini ya paundi 300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni. Leseni yake ilikuwa haijatimiza miaka miwili, ikafutwa. Akaanza upya na alama ya L ya mwanafunzi mgongoni mwa gari, huku mke wake ana mimba ya miezi minane.

Mama Salha, Leicester

Mungu awalipe. Corolla wamekubali Jumatano. Mnunuzi hawezi kabla ya Ijumaa, ndugu zangu, ana watoto wanne na mshahara wake ni wa tarehe 2, sikumbana. Oktoba ya Yaris nimeisamehe.

Bima wameiacha Yaris hadi Ijumaa usiku kwa ada ndogo. Bi Mkubwa, nilikuta kweli imeandikwa kazini na kurudi tu. Nimebadilisha, imeongezeka paundi 41 kwa mwaka, na jana nilikwenda kwa wazee wangu roho imetulia. Mnunuzi nimemwambia aje na bima yake tayari kwenye simu, la sivyo funguo simpi.