Ukishinda unasahau, ukifungwa unakesha? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za muda huu. Nacheza sataranji mtandaoni. Si mchezaji wa maana, ila kipigo kimoja kinatosha kuniharibia usiku. Juzi nilifungwa mchezo wa kwanza, nikasema nacheza mmoja tu wa kurudisha pointi. Nikafungwa tena, ikabidi niurudishe na huo. Kufika saa nane usiku nimeshuka zaidi ya pointi 100, na mchezo wa mwisho nimemwacha malkia wazi hatua ya tisa, kitu ambacho hata anayejifunza anakiona. Cha ajabu, siku mbili kabla nilishinda mara tano mfululizo, na kulipokucha nilikuwa nimeshasahau. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mchangiaji wa 1: Mkuu, ugonjwa huo tunao wengi. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliuandika tangu 1979: uchungu wa kupoteza kitu huzidi raha ya kukipata. Mimi nikifungwa mara mbili mfululizo, simu naipeleka chumba kingine. Nikiiacha kitandani, mkono unaijua njia.

Mchangiaji wa 2: Nafundisha mpira watoto wa chini ya miaka 12. Siku moja tulipigwa sita bila. Nikakaa pembeni natunga hotuba ya kuwatia moyo. Kugeuka, nawakuta wanashindana kuangusha chupa tupu ya maji kwa mpira kutoka mbali. Golikipa aliyefungwa sita ndiye anayehesabu alama, tena anachakachua waziwazi. Hotuba nikaimeza. Mwenye msiba uwanjani nilikuwa peke yangu.

Mchangiaji wa 3: Naomba nipinge kidogo. "Asiyekubali kushindwa si mshindani" wengine tumeigeuza shuka la kujifunikia uvivu. Mimi ni mkimbiaji, na kwa miaka miwili nilikubali kushindwa vizuri sana, nikitabasamu, kumbe mazoezi sifanyi. Acheni kipigo kiwaume. Eliud Kipchoge alikosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki 2012. Mwaka uliofuata akahamia marathoni, na 2016 akachukua dhahabu Rio. Sidhani kama alijiambia "ndiyo michezo ilivyo" akarudi kulala.

Mchangiaji wa 4: Kituume sawa, ila kwa muda gani? Nguli wa tenisi Roger Federer, akiwahutubia wahitimu wa chuo cha Dartmouth 2024, alisema alishinda karibu asilimia 80 ya mechi zake 1,526 za mmoja mmoja, lakini asilimia 54 tu ya pointi. Yaani karibu nusu ya pointi alikuwa anapoteza! Mwenzetu wa marathoni ana miezi ya kuuguza kidonda. Kwenye tenisi una sekunde 25, halafu mpira unaofuata.

Mchangiaji wa 5: Mimi nikifungwa nalaumu intaneti. Nalala fofofo.

Mleta mada: Wa 5 umenivunja mbavu. Jana niliviacha vile vipigo nikafungua ile michezo mitano niliyoshinda. Katika mitatu nilikuwa nimeacha kete kubwa wazi vilevile, ni wapinzani tu hawakuona. Mmoja ni malkia, tena hatua ya tisa ileile! Na huo ndio nilioupiga picha nikamtumia mdogo wangu usiku ule kumringia. Nimemuuliza leo kama aligundua. Kajibu: "Niliona, nikanyamaza."