Yule MC wa Arusha mnayemjua: nishani ya babu SI YA KUFUNGULIA SODA!

Mjukuu_wa_Lukaya:
Wakuu, leo sisalimii mtu. Nimetoka ukumbini Njiro sasa hivi, sendoff ya dada, mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule wa suti ya kung'aa, akivuka barabara bodaboda wanapunguza mwendo wakidhani trafiki.

Babu kakaa meza ya mbele, koti lake, nishani kifuani. Mzee wa Vita vya Kagera huyo. Alikuwa Lukaya, kule Uganda, Machi 1979, Walibya walipokuja na vifaru kumwokoa Amin, wetu wakarudishwa nyuma, kesho yake wakageuza kibao. Babu kamburuta mwenzake matopeni huku risasi zinalia. Basi jamaa anashuka na maiki, ANAISHIKA nishani, babu kaivaa, anauliza: "Mzee, hii inafungua soda?"

INAFUNGUA SODA!! Dijei akapiga honi. Mjomba, mtoto wa kumzaa wa babu, kacheka mpaka ndafu ikamtokea puani. Amin kashindwa kumgusa babu, leo mtu wa laki tano na sahani ya pilau anamshika kifua. Soda!

Chalii_wa_Sanawari:
Pole mkuu. Ila ilifungua?

Mjukuu_wa_Lukaya:
Wewe ulikuwa meza ya mjomba, nakujua.

Mwalimu_Mstaafu:
Mleta uzi afafanue: nishani ya kushiriki vita, au ya ushujaa? Havifanani. Nigel Leakey, sajini wa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki), kikosi cha Tanganyika, Mei 1941 kule Colito, Ethiopia, alirukia kifaru cha Waitaliano, akafungua mfuniko, akawapiga waliokuwemo akambakiza dereva. Akaenda kujaribu kingine, hakurudi. Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, ikatoka 1945, yeye hayupo.

Chalii_wa_Sanawari:
Kumbe huyo kafungua kifaru. Babu tunamdai soda tu 😂

Mjukuu_wa_Lukaya:
KAISHIKA KIFUANI JAMANI. Na maiki!

Kitukuu_cha_Keya:
Mwalimu, huyo Mzungu angalau kaandikwa. Babu wa mama yangu alitembea na Keya mpaka Burma, karudi na koti na kikohozi. Nani atamfungulia uzi?

Mama_Ndafu:
Nyie na vita vyenu. Mimi nimechanga elfu hamsini, kadi ya single, nikapewa soda moja ya moto na kipaja cha kuku aliyekufa kwa uzee. Kamati ya sendoff ndiyo ya kupeleka mahakamani.

Mmachame_Halisi:
Huyohuyo MC Moshi alitutambulisha mbele ya wakwe kuwa ni Wakibosho. Shangazi mpaka leo hasemi na mtu.

Mama_Ndafu:
Ila anachangamsha, tuseme ukweli.

Mjukuu_wa_Lukaya:
Mama, soda!!

Bwana_Harusi_Mtarajiwa:
Samahani kuingilia. Laki tano ni pamoja na spika? Mwenye namba yake aje inbox.

Mmachame_Halisi:
Spika juu yako. Na Desemba mwahi mapema, Wachaga wote tunapanda nyumbani.

Bwana_Harusi_Mtarajiwa:
Tarehe 27 nishaitaka mimi. Msinizunguke.