Orlando kwa siku tano: Disney, Universal, au zote mbili?

MamaWawili aliuliza:

Wakubwa wangu shikamooni, na wenzangu habari za leo. Tunaishi Texas, na mwezi wa Juni tunakusudia kuwapeleka watoto wetu Orlando, Florida, kwa siku tano, kwenye bustani za michezo na burudani za Disney na Universal. Mkubwa ana miaka 11 na mdogo ana miaka 6. Kila ninayemuomba ushauri ananijibu kama mshabiki wa Simba aliyeulizwa habari za Yanga: aliyezoea Disney haoni sababu ya kukanyaga Universal, na aliyezoea Universal anasema Disney ni ya watoto wachanga. Baba watoto anataka tushike upande mmoja ili tusitawanye fedha, lakini mimi naona uchungu kusafiri mbali hivyo na kuona nusu tu. Je, mliokwenda kote mlifurahia kote, au kweli mtu analazimika kuchagua?

MkaziWaKissimmee alijibu:

Marahaba, binti yangu. Nimeishi hapa jirani miaka mingi na wageni wangu nimewapeleka pande zote mbili, kwa hiyo nakusihi usichague upande, kwa sababu uzuri wa kila bustani unaoiona leo umetokana na kuogopa ile nyingine. Disney walifungua hapa mwaka 1971. Universal walipojiandaa kuleta bustani ya mambo ya sinema, Disney walijenga ya kwao na kuifungua Mei 1989, mwaka mmoja kabla ya Universal kufungua milango Juni 1990, na siku hiyo ya kwanza mitambo mikubwa ya Universal iligoma mbele ya wageni. Kwa miaka mingi baada ya hapo waliosema Disney haina mpinzani walikuwa na hoja.

Mambo yaligeuka mwaka 2010, Universal walipofungua kijiji cha Hogsmeade cha hadithi za Harry Potter, kisha mwaka 2014 wakajenga mtaa wa Diagon Alley katika bustani yao nyingine na kuziunganisha kwa treni, ambayo huipandi bila tiketi inayokuruhusu kuingia bustani zote mbili kwa siku moja. Kilichowavuta watu hakikuwa kasi ya mitambo. Mjukuu wangu alinunua fimbo ya mchawi, akasimama mbele ya dirisha la duka, akaichezesha hewani kama alivyoelekezwa, na kitu kilichokuwa nyuma ya kioo kikaanza kusogea chenyewe. Alirudia dirisha lile lile mara sita huku foleni ya kila kitu kingine ikitusubiri. Disney waliuelewa ujumbe, ndipo mwaka 2017 wakafungua Pandora, eneo la filamu ya Avatar, na mwaka 2019 eneo la filamu za Star Wars, yote yakiwa mahali pa kuzama ndani ya hadithi. Mei 2025 Universal nao wakaja na bustani mpya kabisa, Epic Universe. Ukienda upande mmoja tu utakuwa umesikia nusu ya mazungumzo.

BintiWaPwani alijibu:

Dada yangu, kabla ya kununua tiketi yoyote mpime mdogo wako kimo. Mlangoni pa kila chombo kikubwa cha kupanda pana kipimo, na mhudumu hana huruma hata kidogo, wala hapaswi kuwa nayo. Treni za kasi za Universal nyingi zinataka mtoto mrefu kidogo. Ile ya pikipiki ya Hagrid, mhusika wa hadithi za Harry Potter, inadai sentimita 122. Kule Disney, treni ya mlima Everest na safari ya kuruka ya Pandora zinadai 112 tu. Wangu alipungukiwa na upana wa kidole, akanyanyua visigino, akaombwa asimame vizuri, na machozi yale sijayasahau. Ikitokea hivyo, uliza utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha mnabadilishana bila kupanga foleni upya. Upo pande zote mbili.

Na ukifika Animal Kingdom, bustani ya Disney yenye wanyama, usipite haraka katika kijiji cha Harambe. Jina wameliandika bila ile e ya mwisho, lakini kuta zilizobanduka chokaa na milango yake vimeigwa kutoka Lamu, na utakutana na maneno ya Kiswahili kila upande. Kutoka hapo ndipo gari la kutazama wanyama linapoondokea, nao ni twiga, simba na tembo halisi. Mwanangu aliyezaliwa Marekani alinisomea kibao kwa sauti, kisha akaniuliza kwa nini watu wa hapa wanaandika lugha ya bibi. Siku ile ingetosha kuwa safari nzima.

MwanaHesabu alijibu:

Nakubaliana na mzee kuhusu ubora, ila naomba asimuache dada aamini kwamba ushindani umemsaidia mfukoni. Mwaka 1971 kiingilio cha Disney kilikuwa dola 3 na senti 50, ingawa vyombo vililipiwa kwa kuponi za ziada. Leo, katika siku za msongamano, tiketi ya siku moja ya mtu mzima imepita dola 150. Makampuni haya yanashindana kwa vivutio, hayashindani kwa kushusha bei. Pande zote mbili tiketi ya siku nyingi hupunguza gharama ya kila siku, na ndiyo maana kugawa siku tano vipande vidogo vidogo kunaumiza. Mimi ningechukua siku tatu upande mmoja na mbili upande wa pili, na nisingebadilisha upande katikati. Aidha, Juni mvua za radi hupiga alasiri, na radi ikikaribia vyombo vya nje husimamishwa, kwa hiyo ingieni lango linapofunguliwa.

MamaWawili alijibu:

Ahsanteni sana, nyote mmenifungua macho. Nimemsomea baba watoto majibu haya na amekubali siku tatu Disney, tukianza na Animal Kingdom, kisha mbili Universal kwa ajili ya mkubwa na fimbo yake. Mdogo nimempima ukutani sasa hivi, bila viatu: sentimita 114.