Miezi 6 inamtosha mgonjwa wa kansa? Mjadala wa kazi, Lubumbashi

Mjumbe wa sendika (chama cha wafanyakazi), Kampemba
Wandugu, mazungumzo na waajiri yamekaribia na jambo hili limetugawa. Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002 inasema mfanyakazi akiugua, mkataba wake unasimamishwa kwa muda na anaendelea kupata theluthi mbili za mshahara. Ugonjwa usiotokana na kazi ukizidi miezi 6 mfululizo, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba kwa kulipa fidia. Wenzetu wengi wanataka mgonjwa wa kansa apewe miezi 18. Wengine wanaona hilo litawafanya waajiri wamkimbie kila aliyewahi kuugua. Semeni.

Muuguzi, komine ya Kenya (mtaa wa Lubumbashi)
Tuhesabu kwanza. Kansa ya ziwa: upasuaji, kisha wiki 3 au 4 kidonda kifunge. Kemo (dawa za kuua kansa) iliyozoeleka ni doxorubicin na cyclophosphamide mara 4, kila baada ya siku 21, halafu paclitaxel mara 12 kila wiki. Hizo tu ni wiki 24. Chembe nyeupe za damu zikishuka sana, dozi inasogezwa. Inasogezwa pia dawa isipofika, au familia ikiwa bado inatafuta pesa. Baadaye kuna miale (mionzi ya kuua kansa), wiki 3 hadi 5, na wengi wanavuka mpaka wa Kasumbalesa kuifuata Lusaka, Zambia. Mambo yakienda vizuri kabisa ni miezi 8 au 9. Mtu anakatwa kazini katikati ya matibabu, na kwa kuwa mwajiri ndiye anayebeba gharama za afya za mfanyakazi na jamaa yake, anapoteza mshahara na hospitali siku moja.

Mwanasheria wa kazi, Kamalondo
Mama, hesabu yako ni sawa, ila kwa usomaji wangu watu wengi wanapoteza haki ambayo tayari wanayo. Kinachohesabiwa ni miezi 6 isiyokatika. Anayerudi kazini kati ya dozi, kwa cheti cha daktari, amekata hesabu. Shida inaanzia kwenye vyeti: daktari anaandika "apumzike hadi apone", bila tarehe ya mwisho, na miezi yote inakuwa donge moja. Kila cheti kiwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mgonjwa abaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Tena mkataba haufi wenyewe siku ya 181. Mwajiri lazima amjulishe na alipe. Anayeambiwa mdomoni tu "usirudi" asisaini chochote kabla ya kumwona mkaguzi wa kazi.

Muuguzi, komine ya Kenya
Hapo naogopa. Katika siku 21, tano za kwanza ni kichefuchefu na kulala. Kuanzia ya 7 hadi ya 14 kinga iko chini kabisa: homa ikifika 38, ni hospitali usiku uleule. Wiki ya tatu ndiyo yenye nguvu kidogo. Tukiwafundisha wagonjwa kurudi ili kukata hesabu, watarudi siku ya 8 kwenye vumbi na msongamano.

Daktari wa kazi, Annexe
Mnapigania kalenda, na mimi naona kazi yenyewe ndiyo inayowaangusha watu. Mpe mtu miezi 18, kisha umrudishe kwenye ngazi ileile ya mtambo: ataanguka. Paclitaxel na cisplatin zinaua hisia za nyayo na vidole. Kipimo ni rahisi: uma wa chuma unaotetemeka na kulia, wa 128 Hz, kwenye kidole gumba cha mguu, kisha asimame amefumba macho. Akiyumba, hakuna kupanda juu, hakuna kuendesha mashine nzito, na asikaribie tanuru, maana ataungua bila kusikia.

Mkono wa upande uliotolewa tezi za kwapani unapimwa kwa utepe, sentimita 10 juu na 10 chini ya kiwiko, mikono yote miwili. Tofauti ya sentimita 2 inataka matibabu. Lakini msiandike "asibebe kitu maisha yote". Utafiti wa Marekani wa 2009, kwa wanawake 141 waliokwisha kuvimba mkono, ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi ya uzito kwa kupandisha polepole hawakuvimba zaidi ya wenzao. Kwa waliopigwa miale ya shingo ya kizazi, choo cha karibu kina maana kuliko likizo ndefu.

Kwa hiyo cheti kiseme kazi, kisitaje ugonjwa: nusu siku kwa wiki 4, asipande zaidi ya mita 2, asinyanyue zaidi ya kilo 5 kwa mkono wa kushoto, apimwe tena tarehe fulani.

Mwenye karakana, Ruashi
Docta, nusu siku naikubali leo. Miezi 18 hapana. Karakana ya watu 9 inalipa theluthi mbili kwa mgonjwa na mshahara mzima kwa anayeshika nafasi yake. CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inashughulikia pensheni, familia na ajali za kazi, si ugonjwa wa kawaida. Wekeni mfuko wa pamoja kwanza.

Mtafiti wa afya ya jamii, Lubumbashi
Na takwimu zetu ziko wapi? Mwaka 2009 mtafiti de Boer na wenzake walijumlisha tafiti 36, nyingi za Marekani na Ulaya: waliopona kansa wasio na kazi walikuwa asilimia 33.8, wasiougua 15.2. Tukitaka namba za hapa, tusianze na orodha za makampuni, kwa sababu zina waliobaki tu. Tuanze na madaftari ya maabara, tumfuate kila aliyepata jibu la kansa, na aliyefariki tuulize jamaa zake lini aliacha kazi.

Na wengi hawana mkataba wowote. Muuza makala (makaa) sokoni ukimuuliza "siku ngapi za ruhusa?" atakutazama tu. Muulize meza ilifungwa wiki ngapi, mtaji umeliwa kiasi gani na matibabu, nani anabeba gunia sasa. Kisha swali moja la Wafini: kutoka 0 hadi 10, ambapo 10 ni nguvu zako za kazi ulipokuwa bora, leo uko wapi? Linaulizwa kwa dakika moja, na hata asiyesoma analijibu. Miezi 18 haimgusi huyu mama hata kidogo.

Mjumbe wa sendika, Kampemba
Cheti cha Docta na nusu siku naviingiza. Mfuko pia, ila waajiri wakubwa wachangie zaidi. Baba wa karakana, ukipunguza 18, unafika wapi?

Mwenye karakana, Ruashi
Tisa. Baada ya hapo, mfuko.

Muuguzi, komine ya Kenya
Kwa tisa, Baba, anamaliza miale ikiwa tu hajachelewa hata wiki moja, na hapa kwetu dawa zinachelewa. Halafu wengi wanapewa tamoksifeni, kidonge cha kuzuia kansa isirudi, miligramu 20 kila siku, miaka 5 au zaidi. Anayekatwa mwezi wa 7 hajaanza hata kidonge cha kwanza. Andikeni 12, na dawa ziendelee kutoka kwenye mfuko huo hata kama mkataba umekufa.