Kuku wa kuoka na majani, sosi ya siki: mbona halainiki? Nina wageni 30 Jumapili

DadaKiborloni (Ijumaa, saa 2:10 usiku)

Habari za usiku wadau. Naombeni msaada wa haraka, tafadhali msinipite.

Napika vyakula vya oda nyumbani, sanasana sambusa, pilau na keki. Wiki iliyopita mama mmoja alinionyesha picha kwenye simu yake: kuku ameokwa mpaka ngozi ikawa rangi ya asali, ana vijani vya rozimari na thaimu, halafu amemwagiwa sosi nyepesi ya siki, ndimu na mafuta. Akasema anataka hicho kwenye ubarikio (kipaimara) wa mwanawe. Watu 30, Jumapili wakitoka ibadani. Nikamwambia nitaweza. Ameshanipa nusu ya hela.

Jana nimejaribu kuku mmoja. Nikampaka chumvi, kitunguu saumu, ndimu mbili na rozimari niliyochuma kwenye ua wa jirani, nikamtia kwenye oveni saa moja na nusu. Kwa macho alipendeza kuliko hata yule wa kwenye picha. Kumkata sasa! Kisu kinakwenda kinarudi. Mwanangu alitafuna paja, akatafuna, akalitoa mdomoni, akaliweka pembeni ya sahani akaendelea na wali wake. Hakusema kitu. Nimelala na picha hiyo kichwani.

Swali langu: niongeze siki kiasi gani ili alainike? Nasikia siki inalainisha nyama. Au nimwache zaidi kwenye oveni?

MzeeWaGereji

Hongera kwa oda, binti. Mimi jikoni naingia kutafuta maji ya kunywa tu, lakini kwenye kula nina uzoefu wa miaka mingi. Ubarikio ni kanisa gani? Tuje na zawadi kabisa.

Shangazi_Mvita

Mwanangu, siki na majani ya nini tena? Mpikie huyo mama kuku wa kupaka. Unamchoma kwanza nusu aive, unampika tui zito na tangawizi, thomu, bizari na ndimu, halafu unampaka lile tui na kumrudisha motoni. Harusi ya mdogo wangu tulikuna nazi kuanzia alfajiri, mikono ikatuwaka moto, lakini watu wanaizungumza harusi ile hadi leo. Hakuna aliyeuliza siki.

DadaKiborloni

Asante shangazi, ila ameomba cha kwenye picha. Siwezi kumbadilishia.

KijanaWaJikoni

Dada, nipo jikoni hotelini Zanzibar, mwaka wa saba huu. Kabla sijajibu kuhusu siki: ni kuku wa aina gani? Na moto uliweka kiasi gani?

DadaKiborloni

Kuku wa kawaida tu kaka, wa kununua. Moto nyuzi 180, oveni ya umeme.

KijanaWaJikoni

Kuku wa kawaida hayupo. Kuna broila, kuna chotara, kuna kienyeji. Broila wa kilo moja na nusu ukimweka nyuzi 180 saa moja na nusu anaachana na mifupa. Huyo wako alikuwa nani?

Mama_Ibada

Mimi nitasema ukweli hata kama utaumia. Kuchukua hela ya mtu kwa chakula ambacho hujawahi kukipika hata mara moja si sawa. Ubarikio unakuja mara moja katika maisha ya mtoto. Mwaka juzi mpishi alituharibia sherehe ya kijana wetu, wali ulikuwa na mawe, mgeni mmoja akavunjika jino. Hadi leo nikimwona huyo mgeni natafuta njia nyingine. Ungemwambia yule mama mapema, "Hiki sijui, nakuomba nipike ninachokijua."

DadaKiborloni

Mama, pole kwa yaliyowapata. Lakini nikikataa kila nisichokijua nitabaki na sambusa mpaka nizeeke.

KijanaWaJikoni

Hujanijibu, dada. Kuku gani?

DadaKiborloni (saa 4:35 usiku)

Sawa. Ni kuku wa mayai. Mfugaji alikuwa anawatoa bandani aingize vifaranga wapya, akawa anauza bei ya chini sana. Nimenunua 9. Mmoja ndiye wa jana, wamebaki 8. Nikikata kila mmoja vipande vinne napata 32, kila mgeni na chake na viwili vya akiba.

Naomba msinihukumu. Hela niliyopewa haitoshi broila wa watu 30 pamoja na gesi, mafuta na nauli. Yule mama alisema "kuku", hakutaja broila. Ni wakubwa, wamenona, na nyama yao ina ladha kuliko broila. Na siwezi kurudi nyuma, wote wameshachinjwa. Tangu saa nane mchana nimewaloweka kwenye siki na ndimu ndani ya sufuria kubwa, iko kwenye friji ya jirani. Nilitaka wakae hivyo mpaka Jumapili.

MzeeWaGereji

Kuku wa mayai mwaka mzima anatoa yai karibu kila siku, anastaafu, kiinua mgongo chake ni kulowekwa siki siku mbili. Haki iko wapi?

Mama_Ibada

Nilijua kuna kitu. Mwenye shughuli anajua?

KijanaWaJikoni

Sufuria ya bati au ya stili?

DadaKiborloni

Ya bati, hizi za alumini. Hajui, mama. Nitamwambiaje sasa hivi? Na akila akafurahi, nitakuwa nimemkosea nini?

KijanaWaJikoni

Watoe kwenye siki usiku huu huu, wachuje, wahamishie ndoo safi ya plastiki yenye mfuniko, warudi kwenye friji. Siki inakula alumini na nyama inabaki na ladha ya bati. Halafu sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea.

Broila anachinjwa akiwa na wiki tano, sita. Hao wako wana kama mwaka mmoja na nusu. Nyama yao imefungwa na nyuzi ngumu, na nyuzi hizo siki haizifikii. Siki inaishia juu. Ukiwaacha hadi Jumapili, nyama ya juu itakuwa kama uji na ya ndani itabaki raba. Oveni kavu nayo inazidi kuwakausha, ndicho kilichokupata jana. Kinacholegeza nyuzi hizo ni maji, moto mdogo na muda. Namalizia shifti, nikitoka nakuandikia hatua zote.

JichoLaTatu (Jumamosi, saa 1:05 asubuhi)

Wakuu mnapoteza usingizi kwa chai, stori ya kutunga. Akaunti imefunguliwa jana. Mwanzo oveni ya umeme, nyuzi 180, sasa analalamika gharama ya gesi. Friji ya jirani, rozimari ya jirani, kila kitu cha jirani. Aina ya kuku ameificha mpaka amebanwa, na picha haweki hata moja. Huyu anatafuta comments. Kesho atatuambia bwana harusi ametoroka.

Mwana_Singida

Hata mimi nilishangaa. Mtu ana oda ya watu 30 halafu anapata muda wa kujibizana hapa?

Shangazi_Mvita

Aa, jamani. Mtu mwenye hofu ndiye asiyelala. Hata mimi nikiwa na shughuli usiku wake naongea na sufuria.

DadaKiborloni

Oveni ya umeme ni ya jirani, nilikwenda kwake kwa sababu yangu ya gesi haina namba, ina alama ya moto mdogo na mkubwa tu. Friji yangu ni ndogo. Sikusema oveni si yangu kwa sababu niliona aibu kusema kwamba nimepokea oda kubwa na vyombo ni vya kuazima. Ni hivyo tu. Picha simu yangu kamera imekufa.

JichoLaTatu

Kamera imekufa. Nilijua.

MfugajiHai

Ngojeni kwanza. Nafuga wa mayai, najua ninachouliza. Dada, ulipowapasua ulikuta nini tumboni? Na miguu yao ikoje?

DadaKiborloni

Ndani nilikuta viini vya mayai visivyo na ganda, vimeshikana kama kishada, kimoja kikubwa kama ndimu, vingine vinapungua mpaka vidogo kama shanga za kiunoni. Kuku watatu walikuwa navyo vingi, wengine vichache. Vile vikubwa nimevikaanga na kitunguu, mwanangu kavila vyote. Mafuta ya tumboni ni ya njano kabisa. Ila miguu imepauka, karibu nyeupe, nikadhani wanaumwa. Na mfupa wa kidari umechomoza, kifua hakina nyama kama nilivyofikiri.

MfugajiHai

JichoLaTatu, huyu hadanganyi. Kuku wa mayai anapotaga kwa muda mrefu ile njano ya miguuni inahama, inakwenda kwenye kiini cha yai. Mnunuzi anayejua anatazama miguu kwanza. Na kile kishada cha viini hukikuti kwa broila, anachinjwa bado mtoto. Mtu wa kutunga uongo asingejua kuweka miguu iliyopauka. Dada, hawaumwi. Wamefanya kazi.

JichoLaTatu

Kama ni hivyo, nimeelewa. Dada samahani. Humu tumeshapigwa chai nyingi.

KijanaWaJikoni (saa 3:20 asubuhi)

Nimeamka, twende kazi.

Kata kila kuku vipande vinne. Panga kwenye sufuria mbili kubwa, hapa bati haina shida kwa sababu siki haimo, maji yafunike nyama. Tia chumvi, kitunguu maji, karoti, mashina ya giligilani na tawi moja la rozimari. Yakianza kuchemka punguza moto mpaka uone kiputo kimoja kimoja kikipanda taratibu. Usiache yachemke kwa fujo, ngozi itachanika na ngozi ndiyo unayoihitaji kesho. Baada ya saa moja na nusu anza kupima. Usipime kwa saa, pima kwa mguu: shika ncha ya mfupa uuzungushe. Ukizunguka bila ubishi, tayari. Hao wanaweza kufika saa mbili na nusu, usiogope.

Opoa, tandaza kwenye trei ili mvuke utoke upesi, vikipoa ingiza friji. Usiviache mezani mpaka usiku. Mchuzi nao ugawe kwenye vyombo vidogo upoe haraka.

Kesho asubuhi futa kila kipande kwa kitambaa safi mpaka ngozi iwe kavu, maana ngozi yenye maji haipati rangi. Paka mafuta, kitunguu saumu, pilipili manga, thaimu, na rozimari iliyokatwa ndogo sana, ikibaki mirefu inachoma ulimi kama sindano. Oveni yako ya gesi iwashe moto mkubwa robo saa kabla. Weka ngozi juu, dakika 25 hivi, geuza trei katikati kwa sababu oveni hizi zinaunguza upande wa nyuma. Nyama imeshaiva, unatafuta rangi na joto lifike mpaka mfupani.

Sosi: siki kikombe kimoja, mafuta vikombe vitatu. Akitaka ukali zaidi, mafuta viwili. Chumvi itangulie kwenye siki, kwenye mafuta haiyeyuki. Haradali vijiko viwili ndiyo inayoshikanisha, bila hiyo mafuta yanapanda juu kabla hujafika mezani. Tia kwenye chupa yenye mfuniko, tikisa mpaka iwe nzito kama maziwa mgando. Giligilani mbichi iwe ya mwisho kabisa, ikikaa kwenye siki inapoteza ukijani. Mwagia kuku akiwa bado wa moto, ndipo anapoinywa. Siki yako yote uliyoipoteza kwenye kuloweka ilikuwa ya hapa.

Mwana_Singida

Mafuta tumia alizeti. Zeituni itamaliza faida yako na wageni hawataijua.

Mama_Ibada

Mapishi yote sawa. Mimi bado nasubiri jibu langu.

DadaKiborloni (Jumamosi, saa 1:50 usiku)

Mama, nimempigia. Nimemwambia ni kuku wa mayai na kwa nini. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikaangalia kama simu imekatika. Kisha akauliza, "Watalainika?" Nikamwambia nimewachemsha saa mbili na dakika 20 na mguu unazunguka. Akasema basi, ila nimpunguzie kidogo kwenye nusu iliyobaki. Nimekubali. Faida imekwenda, lakini leo nitalala.

Shangazi_Mvita

Na huo mchuzi mwanangu, usije ukaumwaga. Kuku mzee mchuzi wake ndio wenyewe.

DadaKiborloni (Jumapili, saa 1:15 asubuhi)

Umejaa ndoo mbili, shangazi, juu umeganda mafuta ya njano. Pilau ya leo naipikia huo.

Trei la kwanza limetoka sasa hivi. Ngozi imekauka, ukiigonga kwa kijiko inalia. Nimemwagia sosi kipande kimoja nikamwamsha mwanangu. Amekula amekaa kitandani, bado macho mazito, akanirudishia mfupa mtupu akauliza kama kuna kingine. Nimempa kimoja cha akiba. Vimebaki 30. Naingiza trei la pili, ibada inaanza saa tatu.